MAONI: Ukifika Ufaransa usiishie Paris, tafuta baiskeli uingie mashambani

NIKUULIZE swali, na unijibu ukweli. Ukiamka kesho uambiwe viza ya Ufaransa imetoka na tiketi imelipwa, picha ya kwanza utakayopiga itakuwa ya nini? Hata usifikirie sana. Ni ule mnara wa chuma wa Paris. Utasimama mbele yake, utainua mkono kana kwamba unaushika kwa ncha ya kidole, na kabla hujatoka pale picha itakuwa imeshafika Instagram.

Sikucheki. Hiyo picha hata mimi ninayo. Niliipiga Juni mwaka jana, nikamwagiwa mioyo myekundu hadi simu ikapata moto. Lakini ukiniuliza leo nilienda Ufaransa kuona nini, sitakuonyesha hiyo. Nitakuonyesha picha ya baiskeli ya kuazima imeegemea ukuta wa mawe, tairi la nyuma halina upepo, na kando yake duka la mikate lililofungwa.

Msimamo wangu ni huu, na niuseme mapema ndio ukichoka kusoma ujue umebeba nini. Kijana akipata nafasi ya kufika Ufaransa, siku mbili Paris zinatosha. Zinazobaki atafute baiskeli, aingie mashambani, aende kwa mwendo wake bila kumwonea mtu aibu. Njia zipo. Na hazikutengenezewa matajiri wala wanariadha.

Mimi mwenyewe si tajiri. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda nyumbani, na tangu hapo nimekula kwa kuandika mtandaoni na kusimamia kurasa za watu wenye biashara ndogo ndogo. Nauli yenyewe niliiweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Nilichobahatika nacho ni dadangu, ambaye hufanya kazi ya kutunza wazee karibu na mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa. Yeye alinipa pa kulala, na mwenzake wa kazini akaniazima baiskeli. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni akanitazama nikihangaika kufunga hema kwenye keria.

"We, ukichoka huko usinipigie simu usiku," akasema. "Hapa hakuna boda ya kukuleta."

Njia niliyofuata inaitwa La Loire à Vélo. Ni kama kilomita 900, ikiandamana na mto Loire, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa. Inaanzia Cuffy, karibu na mji wa Nevers katikati mwa nchi, na kuishia Saint-Brevin-les-Pins, pale mto unapoingia bahari ya Atlantiki. Ilijengwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi hadi ikakamilika 2012, na ni sehemu ya njia ndefu zaidi inayoitwa EuroVelo 6, inayokatiza Ulaya kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Mimi sikuwa na ubavu wa kilomita 900. Nilichukua kipande cha Angers hadi Orléans, kama kilomita 280 hivi, kwa siku sita.

Watu wengi huufuata mto unakoelekea. Wenyeji walinishauri nifanye kinyume, kwa sababu upepo wa pale mara nyingi huvuma kutoka baharini, na ukielekea mashariki unakusukuma mgongoni. Bana, upepo wa mgongoni ni kama kupewa gia ya bure. Na kwa kuwa unaandamana na mto, milima ni michache. Mara uko kwenye lami nyembamba isiyoruhusu magari, mara kwenye barabara ya kijiji ambako trekta ndiyo foleni, mara umepanda juu ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko, mto uko mkono mmoja na mashamba ya mahindi na alizeti mkono wa pili. Vibao vya njia viko karibu kila njia panda. Mimi ninayepotea hata Eastleigh sikupotea zaidi ya mara mbili.

Ukikaribia Saumur, nyumba zinageuka kuwa nyeupe. Zimejengwa kwa jiwe laini la chokaa ambalo wenyeji huliita tuffeau. Mapango yaliyobaki baada ya jiwe hilo kuchimbwa hayakuachwa hivi hivi. Mengine yanahifadhi mvinyo, mengine yanakuzwa uyoga, mengine watu waliweka mlango na dirisha wakahamia. Mbele zaidi, Amboise, ndiko Leonardo da Vinci alikofia 1519. Mwaka huo huo ndipo Mfalme François wa Kwanza alipoanza kujenga kasri la Chambord. Ukilifikia kwa baiskeli unaona kwanza minara ikichungulia juu ya miti ya msitu, halafu unakuta vijana wamelala nyasini, viatu wamevua, baiskeli zimetupwa kando. Hakuna anayewafukuza.

Lakini usidhani kila kitu huko ni picha ya kalenda. Ukitoka Blois kuelekea Beaugency utaona minara mikubwa ya kituo cha nyuklia cha Saint-Laurent imesimama nyuma ya mashamba. Kuna vijiji ambavyo duka la mwisho lilifungwa zamani, madirisha ya mbao yamefungwa mchana kutwa, na atakayekusalimu ni mbwa tu. Na karibu kila kijiji kina mnara wa kumbukumbu ya watu wake waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Nilijizoesha kuusoma nikinywa maji. Jina moja la ukoo linajirudia mara tatu, mara nne. Vijana wa umri wangu, kutoka kijiji ambacho ukikusanya watu wake wote leo hawajazi matatu tano. Ukipita kwa gari hutasimama kusoma hayo majina. Kwa baiskeli unasimama kwa sababu umechoka, na ukishasimama unasoma.

Sasa turudi kwa ile picha ya pancha. Ilikuwa Jumatatu, siku ya tatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba duka la mikate la kijijini likifungua Jumapili asubuhi, mara nyingi hupumzika Jumatatu. Kwa hivyo tumbo halikuwa na kitu, tairi halikuwa na upepo, na gundi niliyobeba ya kuziba pancha ilikuwa imekauka kwenye kichupa chake. Nikakaa chini kando ya ukuta. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee akimwagilia maharagwe. Alinitazama kwa muda, akazima mpira, akaja.

Kifaransa changu ni cha simu, na Kiingereza chake kilikuwa cha maneno matano. Alileta beseni la maji, akaitia tyubu ndani akiizungusha pole pole kutafuta mapovu, vile vile anavyofanya fundi wa mtaani kwetu. Akiendelea na kazi aliniuliza maswali matatu. Unatoka wapi? Unaelekea wapi? Leo umefanya kilomita ngapi?

Mimi nilikuwa nangoja la nne. Unalijua. Ulisomea nini? Unafanya kazi gani? Hilo swali limenifukuza hapa Nairobi harusini, matangani, hata kwenye foleni ya benki. Halikuja. Nikamwambia nimefanya kilomita thelathini na nne tu. Hiyo "tu" niliiongeza mwenyewe. Yeye alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida, akanionyesha kwa mkono kwamba kambi ya hema iko kilomita kumi na moja mbele, akaingia ndani, akatoka na nusu mkate na kipande cha jibini.

Nimesimulia hayo kwa sababu kuna kitu nilikuja kukielewa baadaye. Sisi Wakenya tukisikia baiskeli na Ufaransa, tunawaza mashindano ya Tour de France. Tuna haki. Chris Froome alizaliwa hapa Nairobi 1985, akafunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, akiwakilisha Uingereza. Na 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Hayo ni ya kujivunia. Ila mashindano ni upande mmoja wa hadithi. Kuna upande wa pili ambao kamera haziufuati.

Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour, aliamini kwamba mitambo ya kubadilisha gia ni ya watu dhaifu, na waendeshaji wakubwa wa shindano lake hawakuruhusiwa kuitumia hadi 1937. Waliopigania gia walikuwa watalii wa baiskeli. Mmoja wao ni Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio. Alianzisha jarida la baiskeli 1887, akatumia maisha yake kuonyesha kwamba mtu wa kawaida akipata gia zinazomfaa atavuka mlima na kufika mbali. Hebu fikiria. Gia unazobadilisha leo ukipanda kilima zilitetewa na watu wa mwendo wa pole, wakati wakubwa wa mashindano wakiziona ni aibu.

Halafu ikaja 1936. Ufaransa ilikuwa na migomo mikubwa, wafanyakazi wakilala ndani ya viwanda. Juni mwaka huo serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Watu waliokuwa hawajawahi kupumzika siku mbili mfululizo wakafunga mizigo kwenye baiskeli, wengine wawili wawili kwenye baiskeli moja ya viti viwili, wakatoka mijini kwenda kuona mashamba na bahari. Hawakuwa na magari. Hosteli za bei nafuu za vijana, ambazo ya kwanza nchini humo ilianzishwa na Marc Sangnier 1929, zilikuwa tayari zimeanza kuenea. Kwa hivyo mtu akikwambia kusafiri kwa baiskeli ni starehe ya wenye nacho, mwambie ilikuwa safari ya watu wa viwandani.

Na hizo njia zenyewe, nyingi ni mitumba kama nguo zetu za Gikomba. Huko Burgundy, kati ya Givry na Cluny, kulikuwa na reli iliyokufa. Pale 1997 ikafunguliwa njia ya baiskeli ya kilomita 44, ya kwanza ya aina hiyo Ufaransa. Wenyewe wanaziita voies vertes, yaani njia za kijani, na leo ziko kila pembe ya nchi. Kusini kuna Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na mji wa Sète, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet. Njia ya kando yake ilikuwa ya farasi waliovuta mashua kwa kamba. Farasi walipoondoka, baiskeli zikaingia.

Hayo yote yalihitaji mtu aketi ofisini aamue kwamba asiye na gari naye anastahili pa kupita. Hata kisheria. Huko, dereva anayeipita baiskeli nje ya mji anatakiwa kuacha nafasi ya mita moja na nusu, na mita moja akiwa mjini. Si kila dereva anaheshimu hilo, nilipitwa na wawili walioninyoa sikio. Lakini kwa siku sita niliendesha nikijua kwamba nikigongwa, mimi siye niliyekosea kwa kuwa barabarani.

Najua utasema nini. Viza je? Ni kweli, hapo sitakudanganya. Utahitaji taarifa za benki, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, barua ya mwenyeji au hoteli, na roho ngumu. Wengi wenu mtaishia hapo, na si kosa lenu. Lakini wapo kati yenu ambao tayari mna mguu ndani. Mko masomoni huko, mna shangazi Lyon, mmealikwa warsha ya siku nne na viza imebaki na wiki mbili. Nyinyi ndio ninaowaandikia kwanza. Msizimalize hizo wiki mbili mkizunguka maduka.

Wengine watasema hiyo ni raha ya wazungu waliostaafu. Nusu ni kweli. Kwa siku sita niliona watu weusi kwenye njia ile mara chache sana. Katika kambi moja, mama mmoja aliniomba ufunguo wa bafu, akidhani mimi ni mfanyakazi wa pale. Nilicheka, lakini iliniuma. Usiku huo ndani ya hema nilijiuliza kama nirudi. Asubuhi nikaona kwamba nikirudi, atakayekuja baada yangu naye ataombwa ufunguo. Njia ile ni ya umma. Haina lango, haina tiketi, na hakuna bango linalosema ni ya nani. Ukipita wewe, na mwingine akapita, watu watazoea.

Na gharama? Kambi nyingi za vijijini huendeshwa na ofisi ya meya. Mimi nililipa kati ya euro 8 na 15 kwa usiku, nikala mkate, jibini, nyanya na mayai ya kuchemsha. Kitanda cha usiku mmoja katika hosteli ya Paris kilinila karibu sawa na siku zangu zote tano za kambi.

Basi ukienda, yashike haya. Nunua chakula cha Jumatatu siku ya Jumapili asubuhi, kwa sababu mchana huenda kila kitu kikafungwa. Siku nyingine pia maduka ya vijijini hufunga saa sita mchana kwa saa mbili au zaidi, kwa hivyo usingoje njaa ikuume ndipo utafute. Beba tyubu ya akiba, pampu, na gundi ambayo umeifungua ukaijaribu nyumbani. Ukiingia popote sema "bonjour" kabla ya neno lingine lolote. Ukiruka hapo utaonekana huna adabu, kama tu kwetu ukianza kuuliza bei bila kusalimu. Ukitaka kulala ndani, tafuta kibao cha Accueil Vélo, alama ya nyumba na kambi zilizo karibu na njia na zenye pa kuifungia baiskeli salama. Enda Mei, Juni au Septemba, maana Agosti nchi nzima iko likizo.

Usianze na milima mikubwa unayoiona kwenye televisheni. Anza na Loire. Ukiwa kusini, anza Canal du Midi kutoka Toulouse, ambako kama kilomita 50 za kwanza ni lami safi. Mbele ya hapo jiandae kwa mizizi na matope. Ukiipenda bahari kuna La Vélodyssée, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Roscoff hadi mpaka wa Uhispania. Hakuna anayekulazimisha uimalize. Chukua kipande.

Nilifika Orléans Alhamisi jioni, miguu ikitetemeka. Bibi na bwana wenye mvi walionipita mara nne njiani walikuwa wamefika saa nyingi, wanakunywa kahawa, wakanipungia mkono. Kesho yake nilipandisha baiskeli kwenye treni ya mkoa, na safari ya siku sita ikarudi kwa saa chache. Mahali fulani baada ya Tours nilijua kijiji cha yule mzee kiko ng'ambo ya mto. Nikasogea dirishani kukitafuta, lakini treni ilikuwa imeshapita.

Dadangu alikuwa akinisubiri kituoni.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza. Ni kilomita 900. Nimefanya kipande changu."

"Basi twende ukale."

Ukipata nafasi, nenda nawe ukafanye kipande chako. Na ukifika Orléans nitumie picha. Ile ya mnara ninayo tayari.